Malenga Wetu Hawapatikani Madukani

Mombasa

Sahibu yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na jamaa zako wote. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi.

Mpwa wangu ameanza kutunga mashairi, na mizani yake imetulia, kwa hivyo nikaazimia kumnunulia Malenga wa Mvita, diwani ya Ustadh Ahmad Nassir iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa Nairobi mwaka 1971. Nimeyazunguka maduka ya vitabu hapa mjini bila kuipata. Yamejaa vitabu vya kiada, vya marudio ya mitihani, na riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa shule za upili; muuzaji mmoja alinieleza kwa upole kwamba kitabu kisichokuwamo katika mtaala hawakiagizi, kwani hukaa rafuni mpaka jalada likapauka.

Simlaumu. Wachapishaji wetu hutegemea mno soko la shule: kitabu kikiteuliwa huchapwa kwa maelfu, na zamu yake ikipita ni nadra kuchapwa tena, kiwe kizuri namna gani. Juu ya hayo, sheria ya mwaka 2013 ilivitoza vitabu kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na mzazi ambaye hana budi kununua vya shule kwanza habakiwi na cha kununulia diwani.

Hatimaye nilipata nakala ya fotokopi. Aliyeitoa aliiweka upande kwenye mashine, basi katika kurasa kadhaa ukingo wa kulia umekatika na vina vya mwisho vimekwenda nao. Nilimkuta kijana akivijaza kwa penseli, akibahatisha kwa kufuata vina vya kati. Alibahatisha vyema, sikatai, lakini iliniuma sana kwamba mtoto wa Mvita, Mombasa yetu hii, ajifunze ushairi wa Mvita kwa kubahatisha.

Nawe wajua kwamba hali hii si ngeni kwetu. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga papa hapa, akafariki yapata mwaka 1840, na diwani yake ikatoka kitabu mwaka 1940, tena Johannesburg. Lau Mwalimu Sikujua hangejishughulisha kuyakusanya mashairi yale na kumpa Taylor, yule mmisionari Mwingereza, sidhani kama mengi yangetufikia. Wakati ule sababu za kuchelewa zilikuwapo. Leo kuna mitambo ya kidijitali inayochapa hata nakala mia moja tu pasipo gharama ya kutisha, na wasomaji wa kuzinunua wapo. Mimi peke yangu ningechukua tano, za kuwapa vijana.

Kwa hivyo nimeamua kumwandikia mchapishaji, nimwombe aitoe upya diwani hiyo kwa idadi ndogo, na wanunuzi watangulize fedha. Rasimu nimeiambatisha. Tafadhali isome, unyooshe palipopinda, utie sahihi yako chini ya yangu, kisha unirudishie upesi ili niipeleke posta.

Wasalaam,
Sahibu yako