Bangi ya dawa: kabla ya kufungua maduka, iangalieni kwanza hiyo kadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu. Nimekuwa nafuatilia huu mjadala wa bangi ya dawa huko nyumbani Afrika Mashariki, naona watu wanabishana ni dawa au sio dawa, wengine wanasema tumeukalia utajiri, na Kenya 2022 tulimuona Profesa George Wajackoyah anagombea urais kabisa kwa ahadi ya kulima bangi na kuiuza nje ili nchi ilipe madeni. Sawa, wabishane. Mimi naishi Aurora hapa Colorado, mji ambao Kiswahili unakisikia mpaka sokoni, Wakongo, Warundi, Watanzania tupo, na nimelea watoto wa sekondari huku haya maduka ya bangi yapo kila kona. Kuna kitu kwenye huo mjadala wenu sikioni kikitajwa kabisa, nacho ni kadi ya mgonjwa, yaani kibali cha kununua bangi ya dawa.

Colorado ilipigia kura bangi ya wagonjwa Novemba 2000. Ya starehe ikaja 2012, na maduka yake yakafunguliwa Januari 1, 2014. Kununua ya starehe lazima uwe umefikisha miaka 21, ila ya mgonjwa miaka 18 ilitosha, mzazi hana habari, mtoto anaenda kwa daktari anasema mgongo unamuuma, anaandikiwa, anapata kadi. Jamani, mtoto wa miaka 18 hapa Marekani mara nyingi bado yupo sekondari! Anashinda shule moja na watoto wa miaka 14 na 15, wanapanda basi moja. Na zaidi ya asilimia 90 ya wenye kadi walikuwa wameandikiwa kwa sababu ya "maumivu makali", na maumivu hakuna kipimo cha kuyapima, daktari anaamini anachoambiwa. Sisemi wote ni waongo. Kuna mtu ana saratani hapati usingizi, kuna mtoto ana kifafa, hao wapewe na wasionewe aibu, na ndio hao hao wanaochafuliwa jina kadi ikigawiwa hovyo.

Tuje kwenye kiasi, maana hapa ndipo palipoharibika zaidi. Kuna bangi iliyokamuliwa, inakuwa kama nta, wanaichoma na kuvuta moshi wake, kali kuliko majani kwa mbali sana. Mtu wa starehe mwisho wake ilikuwa gramu 8 kwa siku, mwenye kadi alikuwa anaruhusiwa gramu 40 kwa siku moja, na kulikuwa hakuna mtambo wa kuonyesha kwamba huyu ameshanunua duka la jirani, kwa hiyo akitaka anatoka hapa anaingia pale. Mgonjwa gani huyo anamaliza gramu 40 kwa siku? Halafu kodi, ya starehe jimbo linakata asilimia 15 ukinunua, ya mgonjwa asilimia 2.9 tu. Kwa hiyo una kijana ana ruhusa ya kununua nyingi, kwa bei nafuu, na amezungukwa na wenzake ambao hawana kadi na wanataka. Atauza tu, hata wewe ungejua atauza. Watafiti hapa Denver waliwahoji vijana waliokuwa kwenye matibabu ya uraibu, majibu yakachapishwa 2012, asilimia 74 walisema wameshatumia bangi ya kadi ya mtu mwingine. Hao hawakuvunja duka wala hawakumdanganya muuzaji, bangi iliwafikia baada ya kununuliwa kihalali kabisa.

Ilichukua mpaka 2021 ndipo bunge la jimbo likabana. Sasa hivi kijana wa miaka 18 mpaka 20 anatakiwa madaktari wawili wa vituo tofauti, ile nta mwisho gramu 2 kwa siku, na mauzo yanafuatiliwa duka hadi duka. Miaka zaidi ya 20 tangu ile kura! Watoto waliozaliwa mwaka ule walikuwa wameshamaliza shule.

Kwa haki niseme na hili, matumizi ya vijana kwa jumla hapa hayakulipuka kama tulivyotishwa. Na kwenye ujambazi pia nisikuze mambo. Los Angeles kuna utafiti ulichapishwa 2017 ukaonyesha kwamba maduka yalipofungwa kwa amri, wizi mtaani uliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu duka lililo wazi lina taa, lina walinzi, watu wanapita. Kwa hiyo anayesema duka likifunguliwa tu uhalifu unapanda, huyo hajasoma. Tatizo ni keshi. Sheria ya taifa haijawahi kukubaliana na majimbo kwenye hili, benki kubwa zinaogopa, basi maduka mengi yanaendeshwa kwa noti mkononi na majambazi wote wanajua. Juni 2016 hapa hapa Aurora mlinzi wa duka la bangi alipigwa risasi akafa. Machi 2022 huko Tacoma, Washington, mfanyakazi wa duka aliuawa kwenye uporaji. Muswada wa kuziruhusu benki umepita bunge la chini Washington DC mara kadhaa tangu 2019, seneti ukagoma.

Na sisi wahamiaji tuna letu ambalo halisemwi misikitini wala makanisani. Uhamiaji wanafuata sheria ya taifa, kadi ya jimbo haikulindi. Aprili 2019 walitoa mwongozo kwamba hata kufanya kazi kwenye duka la bangi, kazi halali yenye leseni na hati ya mshahara, kunaweza kukukwamisha kwenye uraia. Kijana aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi akiwa mdogo, bado hana uraia, anaona wenzake wazawa wana kadi na yeye anafuata, anakuja kujibu swali kwenye usaili wa uraia ndipo anajua. Wazazi ongeeni na watoto kabla hawajafika hiyo 18.

Rwanda wameruhusu kulima tangu 2021 lakini kwa kuuza nje, matumizi ndani bado marufuku, angalau hawajaanza na maduka. Mhariri, nyie mna waandishi wanaoingia bungeni na wizarani. Hao wanaotaka bangi ya dawa waulizeni kadi itaanza umri gani, daktari mmoja au wawili, gramu ngapi kwa siku, nani ataona kama mtu ameshanunua duka lingine, na hela za mauzo zitalala benki gani. Wakiwajibu chapisheni ukurasa wa mbele, wasipowajibu chapisheni hivyo hivyo kwamba hawakujibu.

Mzazi,
Aurora, Colorado