Andikeni bei, wanangu: barua kwa wauza vitenge na kanga mtandaoni

Wanangu,

Shikamoo zenu mnazonitumia kwenye grupu kila asubuhi nazipokea. Marahaba. Leo naomba mnisikilize kidogo, maana nimekaa na jambo hili moyoni tangu mfungo wa Ramadhani.

Nimeuza vitambaa Kariakoo tangu mwaka 1991. Nimeona duka likijaa mpaka watu wanasubiri nje, na nimeona likikauka wiki nzima bila kuuza hata doti moja. Siku hizi binti yangu amenifungulia akaunti ya Instagram, na usiku nikishaswali Isha nawapitia mmoja mmoja kuona mnavyouza. Mna bidii, na mzigo wenu ni mzuri. Kinachoniuma ni yale maneno mnayoyaandika chini ya picha: "Bei njoo inbox."

Mteja anauliza palepale, "Bei gani dada?" Unamjibu, "Njoo DM mpenzi." Anakuja saa mbili usiku. Wewe umeshalala au unahangaika na mtoto, unamjibu kesho yake saa tano asubuhi. Keshanunua kwa mwingine.

Najua mnavyojitetea. Mnasema jirani akiijua bei atashusha yake. Mnasema kila mteja ana mfuko wake. Hata sisi Kariakoo hatukubandika bei, tulipatana. Lakini mteja wangu alikuwa amesimama mbele yangu, kitambaa kiko mkononi mwake, uso wangu anauona. Akigeuka kuondoka namwita, "Njoo mama, sema una ngapi," anarudi, tunacheka, anafungiwa mzigo. Mtandaoni hakuna wa kumwita. Akipitisha kidole amekwenda. Na wengi hawaulizi kabisa, wanaona haya. Mtu ana pesa yake ya kitenge, lakini bei ikifichwa anahisi ni kubwa kuliko uwezo wake, anajiondokea kimya. Jirani unayemkimbia naye anakuja inbox kwa jina la shemeji yake, anaijua bei kabla ya mteja. Sasa unamficha nani?

Andikeni bei. Andikeni ni yadi ngapi, ni pamba au ni nailoni, kutuma mikoani kwa basi ni shilingi ngapi, duka liko mtaa gani. Kama huna duka, unauzia nyumbani, sema hivyohivyo, si aibu.

La pili ni picha. Mwaka jana niliagiza kitenge kwa binti mmoja mtandaoni, kwa ajili ya sare ya harusi ya mpwa wangu. Kwenye picha kilikuwa kizito, kinang'aa. Kilichofika kilikuwa chepesi, ukikiinua unaona vidole vyako upande wa pili. Picha haikuwa yake, aliichukua kwa mtu. Nilimwandikia kwa upole, akanizuia nisimpate tena. Zilikuwa sare za watu 11, wanangu. Watu 11 waliokuwa wawe wateja wake.

Mteja wa mtandaoni hana mikono. Mikono yake ni wewe. Kwa hiyo tandika kitenge karibu na mlango asubuhi, mahali penye mwanga lakini jua lisikipige. Taa ya dukani inadanganya rangi: damu ya mzee inatoka nyekundu, na mteja akipokea anasema umembadilishia mzigo. Kisha kigeuze na upige upande wa nyuma. Wax halisi rangi inapenya, ukikigeuza ni kazi kujua mbele ni wapi. Kile cha kuchapwa upande mmoja kinapauka nyuma. Onyesha. Kama ni cha bei nafuu sema ni cha bei nafuu, wapo wanaokitafuta hichohicho. Malizia na video fupi ukikikunja kwa mkono, watu waone uzito wake.

Na kanga, jamani, msiikunje jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, likafichwa! Kanga inanunuliwa kwa jina lake. Mtu anataka kumpelekea mama mkwe, ukimtumia yenye kijembe umevunja nyumba ya watu. Lipige picha lisomeke, halafu uliandike kwenye maelezo herufi kwa herufi.

Sasa sikilizeni hili. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja dunia nzima kwa takribani saa sita. Wapo niliowaona wamekaa wameshika tama, hawana namba ya mteja hata mmoja nje ya mitandao hiyo. Ukurasa ule si wako, umeazimwa. Nunua daftari. Kila anayenunua andika jina, namba, mji, alichochukua. Mwombe pia aihifadhi namba yako, maana kwenye WhatsApp tangazo la kutuma kwa wengi kwa mpigo halimfikii asiyekuhifadhi, na orodha moja inachukua watu 256. Ukitumia WhatsApp Business, weka mzigo wote kwenye katalogi yake, kila pisi na bei yake, ili anayeuliza usiku wa manane ajijibu mwenyewe.

Mtu akikuomba zile tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti ya WhatsApp zilizoingia kwenye simu yako, usimpe, hata akijitambulisha kama mfanyakazi wa mtandao. Hiyo ndiyo njia wanayokunyang'anyia akaunti. Na usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya muamala. Angalia salio lako kwanza, bodaboda asubiri.

Habari ya kununua wafuasi sitaisema sana. Wafuasi 20,000 wasiovaa kitenge hawakulipii kodi ya fremu. Pesa ya kubusti, yaani kulipia tangazo lako liwafikie watu wengi zaidi, itoe pale tu picha ni yako, bei ipo, na kuna mtu wa kujibu simu siku hiyo. Vinginevyo unalipa ili watu wengi zaidi waje kukasirika.

Nawaandikia haya kwa sababu wengi wenu mnalea peke yenu, na mtaji wenyewe ni wa kikoba. Haustahimili makosa mengi.

Jumamosi nitakuwa dukani kuanzia saa mbili asubuhi. Ambaye habari ya picha haijamkaa vizuri aje na simu yake na pisi moja ya kitenge. Mwanga wa mlangoni kwangu ni mzuri mpaka saa nne.

Mama yenu wa Kariakoo