Ndugu yangu amefungwa maisha, anataka tuuze fungu lake la nyumba asome sheria

Shangazi,

Baada ya salamu, nakuomba unisome hadi mwisho, kwa sababu jambo lenyewe lina pande nyingi na kwetu kila mtu ameshika upande wake. Mimi ni mtoto wa kwanza kwa mama yangu, na sote tuko Mombasa. Baba alifariki mwaka 2022. Ndugu zangu ni wawili, wote wanaume: kitindamimba anayeishi na mama pamoja na mke na watoto wake, na huyu wa katikati ambaye yuko ndani tangu 2009, anatumikia kifungo cha maisha.

Huyu wa katikati ameniandikia kuomba tuuze fungu lake la urithi alipe ada ya chuo. Anataka kusomea digrii ya sheria akiwa humo humo gerezani.

Kesi yake ni wizi wa mabavu. Walikuwa vijana watatu, usiku, katika duka la mtaa wa pili, na mwenye duka akakatwa panga mkononi. Panga hakulishika yeye, lakini kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu hakiulizi nani alishika nini. Mkiwa zaidi ya mmoja, au mkiwa na silaha, au mtu akiumizwa, hukumu ni kifo. Akahukumiwa kunyongwa mwaka 2011. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia hukumu wafungwa 2,747 waliokuwa wakingoja kitanzi, naye akiwemo, na kifo kikawa maisha. Siku ile mama alipika pilau akaita majirani.

Halafu Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba si halali sheria kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo bila kusikiliza mshtakiwa anajitetea vipi apunguziwe. Uamuzi huo ulitokana na kesi ya mauaji, lakini watu wa wizi wa mabavu nao wakapeleka maombi, na wapo waliosikizwa mapema wakapunguziwa miaka, wakarudi makwao. Ombi la ndugu yangu lilikuwa bado linangoja zamu Julai 2021, Mahakama ya Juu iliposema kwamba uamuzi ule uliwahusu wa mauaji peke yao. Ombi likatupwa. Ile thuluthi ya kifungo wanayosamehewa wengine kwa tabia njema, mfungwa wa maisha hana. Mlango alio nao ni msamaha wa Rais uliomo kwenye ibara ya 133 ya Katiba, na huo hauna tarehe.

Nimekueleza haya yote, Shangazi, kwa sababu watu wakisikia mfungwa anataka kusoma hudhani anatafuta njia ya kutoka. Huyu ameomba kusoma baada ya njia zake kufungwa.

Alipokamatwa alikuwa ameacha shule kidato cha pili. Gerezani kuna shule, walimu wengi ni wafungwa wenzao, na mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ni ule ule wanaofanya watoto wetu huku nje. Alifanya mwaka 2018 akapata C+, na Kiswahili akapata B. C+ ndiyo alama ya kuingilia chuo kikuu, na anayetaka sheria hudaiwa juu yake B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Kiswahili chetu hiki cha nyumbani ndicho kilichomvusha.

Nina daftari lake moja hapa. Amelitengeneza kwa migongo ya fomu zilizokwisha kutumika, akazishona kwa uzi wa gunia na kuchora mistari kwa penseli. Ameandika kwa herufi ndogo mno, nusu ya mstari kila moja, ili karatasi isiishe. Mbele kuna masomo yake. Nyuma kuna mambo ya wenzake: huyu siku zake 14 za kukata rufaa zilipita kabla hajajua kwamba zipo, huyu hakusomewa mashtaka kwa lugha anayoielewa, huyu faili lake halionekani mahakamani. Anawaandikia maombi kwa mkono, na wako waliosikizwa kwa maombi hayo. Aliwahi kuniambia kwamba anafika mahali anakwama, anajua kuna hoja lakini hajui inaitwaje wala inasimama juu ya kesi gani. Hapo ndipo hamu ya chuo ilipoanza.

Na si jambo la kubuni. Nelson Mandela alipata digrii yake ya sheria kwa masafa kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Susan Kigula wa Uganda, ambaye yeye na wenzake 417 walishinda mwaka 2009 kesi iliyofuta hukumu ya lazima ya kifo nchini mwao, alisomea diploma ya sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa gereza la Luzira, na akatoka 2016. Hapa kwetu Pete Ouko aliisoma diploma hiyo akiwa gereza la Kamiti, Nairobi, na mwaka huo huo wa 2016 akasamehewa na Rais. Ndugu yangu anawajua wote hawa, na anajua pia kuwa wengi waliosoma bado wako ndani.

Utaniuliza kwa nini asisome kwa ufadhili kama hao wa Kamiti. Tumeuliza. Nafasi ni chache na ziko katika magereza machache, na alipo yeye hakuna. Angeweza kuomba ahamishiwe Nairobi, na hapo ndipo ninapokwama mimi. Alipo sasa mama anafika kwa matatu, japo magoti yanamsumbua. Akihamishwa, mama hatamwona tena, maana safari ya bara na kurudi hawezi kuistahimili. Yeye mwenyewe amesema hataki kuhamishwa mama akiwa hai, na sijamlaumu kwa hilo.

Basi amepata chuo cha nje kinachofundisha kwa masafa, kimekubali kumpokea, na mkuu wa gereza ameandika barua kwamba hana pingamizi. Vitabu vitakuja vimechapwa, kwa kuwa intaneti hana, na mtihani ataufanyia humo chini ya msimamizi. Ada ndiyo iliyobaki. Inalipwa kwa pesa za kigeni, kila mtihani na ada yake, na hesabu ya miaka yote mimi na mume wangu hatuiwezi hata tukifunga mkaja.

Sasa nyumba. Baba ametuachia nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani choo na kisima. Mirathi tulishaipeleka kwa kadhi: mama thumuni yake, na kilichobaki kikagawanywa mafungu matano, mawili kwa kila mtoto wa kiume na moja langu. Kwa karatasi iliyopigwa muhuri, huyu mfungwa ana mafungu mawili na hakuna anayeweza kumnyang'anya. Kifungo hakimwondolei mtu urithi wake, na ibara ya 51 ya Katiba inasema mfungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kwa hali ya kufungwa kwake.

Lakini wewe unaijua Mombasa. Nyumba ni yetu, ardhi si yetu. Tunamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja kila mwaka, kama nusu ya mtaa ule. Nyumba ya namna hiyo haipati bei, na hakuna atakayenunua vyumba viwili vya watu wengine na ukumbi wa kushirikiana. Atakayekuja atataka yote, na akishanunua atabomoa ajenge ghorofa. Ndiyo kusema kuuza fungu la ndugu yangu ni kumtoa mama katika nyumba aliyoingia akiwa bi harusi.

Kitindamimba amekasirika hadi hasemi nami vizuri. Hoja yake ni kwamba watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa ada ya shule, halafu aliyeleta aibu ndiye auziwe nyumba asome digrii ya kuning'iniza ukutani mwa seli. Siwezi kusema hana haki ya kuumia. Yeye ndiye aliyeacha chuo cha ufundi wa magari ili pesa ziende kwa wakili wa ndugu yake, na wakili yule alifika mahakamani mara mbili tu kisha simu yake ikawa haishikwi. Bali anapokosea ni anaposema “nyumba yetu” kana kwamba mwenzake amekufa.

Mimi nimependekeza njia ya kati. Vyumba viwili vya mbele vinapangishwa, na kodi yake sasa hivi inakwenda kwenye dawa za mama za presha na kodi ya kiwanja. Nikasema mimi nibebe dawa, na ile kodi ya wapangaji ihesabiwe kuwa mapato ya fungu la mfungwa, iende kwenye ada, asome pole pole, masomo mawili mawili kwa mwaka. Yeye amekubali. Kitindamimba amekataa, anasema hiyo kodi ndiyo inayonunua unga. Mume wangu naye amenuna, maana dawa hizo zitatoka mfukoni mwake, na binti yetu anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Hakusema hapana. Alisema tu, “Wewe amua, ni ndugu yako,” na maneno hayo kwa mume wangu najua yana maana gani.

Mama hajaambiwa lolote.

Kuna na jingine, ambalo sijamwambia mtu yeyote nyumbani. Yule mwenye duka aliyekatwa mkono bado yuko mtaa ule ule. Mkono wake wa kulia haukurudi sawa, duka lilikufa, na binti yake mkubwa aliacha shule ya sekondari akaenda kufanya kazi za ndani. Mkewe tunakutana matangani na harusini, tunaamkiana, tunapisha. Mwaka jana katika matanga ya jirani aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama ni kweli ndugu yangu anataka kuwa wakili. Nikasema anasoma. Akasema, “Mungu amsaidie,” akaendelea kupanga sahani. Sikuona kejeli usoni mwake. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Ndugu yangu alimwandikia mzee yule barua ya kuomba radhi. Haikujibiwa, na hakuandika ya pili kwa sababu alisema hataki ionekane anamlazimisha mtu amsamehe. Lakini pesa hajawahi kuzitaja. Mimi najiuliza, kama kweli ana mali, na mali hiyo sasa inatafutiwa njia ya kuwa pesa, ni nani mwenye dai la kwanza juu yake? Chuo, au yule binti aliyeacha shule kwa sababu mkono wa baba yake haukuweza tena kuwapimia wateja sukari? Naogopa nikimuuliza hivyo kwa barua itakuwa kama kumhukumu mara ya pili, tena barua zenyewe zinasomwa na askari kabla hazijamfikia. Na nikinyamaza nikasaidia ada ilipwe, nitamwamkia vipi mke wa mwenye duka?

Usinielewe vibaya, Shangazi. Mimi nataka asome. Nimemwona alivyokuwa miaka ya kwanza, haongei, anaangalia chini, mama anaondoka akilia kila safari. Siku hizi anatungoja na swali. Ananieleza tofauti ya rufaa na mapitio ya hukumu kama mwalimu, mpaka askari aliyesimama pembeni anasogea kusikiliza. Askari mmoja alimwomba amsaidie kusoma barua ya kesi ya shamba la babake. Kwangu mimi hayo yanatosha kusema kusoma kwake kuna faida, atoke asitoke. Hata uwakili sitarajii. Kuapishwa kuwa wakili ni safari nyingine, na kwa mtu mwenye kesi ya jinai ni mlima. Anachotaka ni kuwaandikia wenzake maombi yasiyotupwa.

Kwa hiyo nakuuliza. Je, nishike msimamo wangu wa kodi ya vyumba hata kama kitindamimba atanichukia na nyumba yangu mwenyewe itaingia baridi? Je, mama aambiwe sasa, akijua kwamba mwanawe mmoja anaomba na mwingine anakataa, au nimfiche mpaka tuafikiane? Na yule mzee wa duka: nimwambie ndugu yangu atenge sehemu ya mapato yake kwa ajili ya familia ile kabla ya kulipa hata somo moja, au hilo ni lake kulifikia kwa moyo wake? Nikienda kwa mkewe nikamwambia mpango huu mapema, kabla hajausikia kwa watu, nitakuwa nimemheshimu au nimemtonesha kidonda?

Usajili unafungwa mwezi ujao, na ndugu yangu ameshanitumia fomu niijazie sehemu ya mlipaji wa ada. Nimeijaza jina lake na namba ya gereza. Sehemu hiyo ya mlipaji bado iko wazi. Naomba unijibu kabla ya hapo, na wasomaji wenzangu waliowahi kuwa na mtu wao ndani akasoma, hasa waliolipa wenyewe, nao wanieleze walivyofanya.

Dada Mkubwa,
Mombasa