Barua kwa vijana wa stage, nyinyi mlioshinda pamoja na mimi

Wanangu wa stage ya bodaboda ya Kaptembwa, hapa Nakuru,

Kwanza tuelewane, mimi pia nilimpigia Ruto. Tarehe 9 Agosti 2022 nilipanga laini kabla jua kutoka, na Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wakati huo, alipotangaza ile asilimia 50.49 pale Bomas, baada ya watu wazima kurushiana viti mbele ya nchi nzima, nilipiga vigelegele mpaka mjukuu wangu akaziba masikio. Kwa hivyo asije mtu aseme huyu mama ni wa Azimio, upande wa Raila, ana uchungu wa kushindwa. Uchungu ninao ndio, lakini mmenipa nyinyi.

Ile jioni korti ilipomaliza maneno ya kesi ya kupinga ushindi, tarehe 5 Septemba, mlichukua wilbaro ya watu, mkamlaza mwenzenu ndani mikono kifuani, leso usoni, mkaisukuma mpaka kwa geti ya yule mama wa omena mkilia kilio cha matanga, eti Baba, yaani Raila, ametuacha kwa kushindwa. Mnapiga honi, mnacheka. Nilikuwa kwa kibanda changu nawaangalia. Mama wa watu hakusema neno, aliinama akaokota beseni yake ya omena akaingia nayo ndani, ikabaki ile meza tupu na gazeti la kufungia linapeperuka. Sasa niambieni, ile daftari yake ya madeni majina ya nani yako ndani? Si ni yenu? Wiki mvua ikinyesha na hamna wateja, nani huwapimia mkebe mzima mkamwambia tutalipa Jumamosi, na Jumamosi mnapitia upande ule mwingine wa barabara? Yeye hajawahi kuwauliza mko chama gani.

Halafu ni ushindi gani huu wa kuzikia jirani mbele ya geti yake? Kura 7,176,141 za Ruto kwa 6,942,930 za Raila. Katikati hapo ni 233,211 tu, nchi nzima. Maanake ukichukua nchi nzima, kwa matatu ya watu kumi na wanne karibu nusu hawakutaka mtu wetu, na bado mnapelekwa na gari moja. Wengine wenu mlikuwa watoto wadogo Januari 2008, hamjui Showground ilivyojaa mahema, watu waliokuwa wanakopeshana chumvi wakawa wanaangaliana kama nyoka. Haikuanza na panga, wanangu. Ilianza na midomo, na mizaha kama hiyo yenu, na wazee waliokuwa wanaona wakanyamaza wakisema ni utoto tu. Mimi sinyamazi. Endeni kwa huyo mama, muombe msamaha, na mlipe hizo omena.

Sasa ya pili, hii ndio inanishangaza. Tarehe 14 Septemba, siku moja tu baada ya Ruto kuapishwa Kasarani, ikatangazwa petroli imepanda shilingi 20 kwa lita, Nairobi ifike 179.30. Subsidi ya petroli, ile pesa serikali ilikuwa inalipia bei isipande, ilitolewa, labda walikuwa na sababu zao, mimi si mchumi, mimi huuza chai. Lakini mmoja wenu alipouliza kwani hii ndio tulipigia kura, mlimrukia nyote mkamuita msaliti, nyamaza, mpe mzee muda. Na jioni hiyo hiyo mnampandishia nauli mama amebeba mtoto! Jamani. Kama sisi tuliompa kura hatuwezi kumuuliza, nani atamuuliza? Azimio wakiuliza wataambiwa ni uchungu. Sisi ndio hawezi kutuambia hivyo.

Tabia hii ya kuabudu mshindi Wakenya tumekuwa nayo kitambo. Desemba 2002 Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwa kiti cha magurudumu, mguu una plasta, watu wamepanda mpaka miti, na wiki zile raia walikuwa wanawakamata polisi wakichukua kitu kidogo. Ilikuwa tamu sana. Haukuisha mwaka, wabunge wale wale tuliowashangilia wakajiongezea mishahara, na kufika 2005 ile serikali ilikuwa imegawanyika ndizi na chungwa kwa kura ya maoni ya katiba, ndizi ni ndio, chungwa ni la.

Mengine ni haya tu. Kazi ya serikali hamtapigiwa simu, tafuteni yenu. Pesa za mkopo wa mahasla, zile Ruto aliahidi watu wadogo, mkizichukua kumbukeni ni mkopo. Msitukane watu na kofia ya chama kwa kichwa, afadhali muitoe kwanza.

Na mikutano ya bajeti ya kaunti, ile ya kutoa maoni, Katiba ya 2010 imewapa nafasi hapo. Nikienda mimi hukuta wazee wanne wanasinzia na karani anayetaka kwenda nyumbani. Nyinyi mkisikia hakuna pesa ya kukaa, hamuonekani. Ikitangazwa ingine nitabandika kikaratasi kwa kibanda. Asiyekuja, akija kwangu na malalamiko ya barabara mbovu, nitamuuzia chai tu.