Mtoto wa Down sindromu asisubirishwe fizio

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini maana hili jambo limenikaa rohoni.

Mwanangu ana Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayomchelewesha mtoto kukua. Kila tukienda kliniki wanampima uzito, wanamchoma sindano, kadi inajazwa, nikiuliza mbona bado hakai naambiwa hawa ndo walivyo mama, we subiri tu. Nisubiri nini sasa? Kweli wanachelewa, wengi wanatembea kwenye miaka miwili hivi na wengine mpaka mitatu, ila misuli yao imelegea na viungo vinanyumbuka kupita kiasi, na misuli haikazwi kwa kusubiri jamani. Marekani kina Dale Ulrich walichapisha utafiti mwaka 2001, wazazi wanamshikilia mtoto juu ya tredmili ndogo, ile mashine ya mkanda wa kutembelea, nyumbani dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na hao watoto wakatembea kama siku 101 mapema kuliko wenzao waliopata fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, ya kawaida peke yake.

Tredmili sina na sitegemei kuwa nayo. Dada wa fizio tuliyempata kwa kuuliza uliza mtaani alichukua kanga yangu akaiviringisha, akamlaza mtoto kifudifudi kifua kikiwa juu yake, akaweka kioo mbele, basi dogo akawa anainua kichwa ajitazame. Halafu akanionyesha mtoto anavyoinuka, miguu anaitanua pembeni kama chura anajisukuma mpaka kakaa, kiuno na tumbo havifanyi kazi yoyote. Akasema mpelekee fundi kaptula ashone mapaja yashikane, uwe unamvalisha wakati wa mazoezi. Fundi alinishangaa kweli! Lakini siku hizi mtoto anageuka ubavu, anaegemea mkono ndo anainuka, na ameanza kusimama dede kwenye stuli ya jikoni.

Majirani nao na ushauri wao, mara mchimbie shimo umsimamishe humo, mara nunua woka, kile kigari cha kumtembezea mtoto. Woka yenyewe mtoto ananing'inia tu humo anasukuma kwa vidole, na Canada walishaipiga marufuku tangu 2004 kwa jinsi ilivyoumiza watoto. Na kabla ya mazoezi yoyote moyo upimwe, karibu nusu ya watoto wa Down sindromu wanazaliwa na tatizo la moyo, na shingo isivutwevutwe.

Ninachoomba kwa wizara, nesi akishajua mtoto ana hali hii amwandikie mama karatasi ya fizio siku hiyohiyo, na wilaya isiyo na mtu wa fizio iletewe hata wa kuja mara moja kwa mwezi.

Mama msomaji,
Morogoro