Barua kwa mwanangu aliyeko Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Unataka nihamie kwenu: unasema Lubumbashi ni tambarare, chumba kipo, na magoti yangu yameupanda mlima wa Kadutu, mtaa wetu hapa Bukavu, vya kutosha. Nimeona nikujibu kwa kalamu, kwa kuwa kwenye simu huwa nakubali upesi mambo nisiyoyataka.

Unakumbuka kwamba kwa miaka 31 niliwafundisha saikolojia wanafunzi wa pedagojia. Kila mwaka nilichora ubaoni zile ngazi nane za maisha alizozieleza Erik Erikson mwaka 1950, na kila mwaka ngazi ya nane, ile ya uzeeni, ambapo mtu hugeuka kuutazama mwendo wake wote akaukubali au akaukatia tamaa, niliipitia kwa dakika tano tu, kwani walioketi mbele yangu walijiandaa kufundisha watoto, na mimi mwenyewe niliuona uzee kuwa ni habari ya babu yako. Hata Erikson alipoiandika alikuwa bado hajatimiza miaka hamsini! Ni mkewe Joan, alipokwisha kuvuka miaka 90, aliyeongeza ngazi ya tisa, ikachapishwa mwaka 1997 mumewe akiwa amekwisha kufariki. Anaeleza kwamba mkongwe hurudishwa kwenye mtihani wa mtoto mchanga, yaani kuamini au kutoamini, ila safari hii kisichoaminika ni mwili wake mwenyewe. Mimi nina miaka 71, sijafika huko. Lakini mvua ikinyesha na udongo wa Kadutu ukaanza kuteleza, namwelewa mama huyo.

Mlima huo ndio ulionifundisha. Siku ya kwanza kijana wa pikipiki aliponiita, «Muzee, panda, nitakupunguzia bei», nilikasirika hadi nikafika nyumbani bila kumsalimu mtu. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikisimama katikati ya njia, pumzi imenikatika, nikijifanya nasoma simu, wakati mwingine simu yenyewe imezimika. Kilichonichosha zaidi ya mlima kilikuwa kule kujificha. Sasa nasimama mara tatu, waziwazi: kwa mama anayeuza makaa, chini ya mti wa avoka, na kwa kinyozi, ambaye akiona kofia yangu inachomoza huivuta benchi kivulini kabla sijafika. Hapo ndipo ninapopata habari za mtaa ambazo zamani nilizipita mbio. Utu uzima dawa, wanasema, ingawa sijaona unavyotibu magoti.

Wanasaikolojia wawili Wajerumani, Paul Baltes na mkewe Margret, waliandika mwaka 1990 kuhusu jambo hili la mzee kuchagua machache na kutafuta njia ya kuyamudu, na walipenda kumtaja mpiga piano Arthur Rubinstein, ambaye uzeeni alipunguza nyimbo alizozipiga, akazifanyia mazoezi zaidi zile zilizobaki, na kabla ya sehemu ya mbio akapunguza mwendo ili mbio zenyewe zisikike kuwa kali kuliko zilivyokuwa. Mimi nimeacha uhazina wa chama na kwaya ya alfajiri. Nimebaki na wanafunzi watatu ninaowasomesha Kifaransa jioni, na somo ambalo zamani nililitoa kichwani sasa naliandaa usiku wa kuamkia siku hiyo, nikaandika majina yao matatu juu ya ukurasa, kwa sababu majina ndiyo yanayonitoroka kwanza.

Usidhani basi kwamba ninajitenga. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, huko Marekani, walidai kwamba mzee na jamii huachana polepole, kila upande ukiridhia, nami nilikuwa nikiifundisha hoja hiyo kana kwamba ni sheria. Leo naikataa. Ni kweli marafiki zangu wamepungua, lakini mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford ananishawishi zaidi: mtu akiona muda ulio mbele yake ni mfupi, huwachagua wale wanaomgusa moyo, na kijana pia hufanya hivyo anapokaribia kuhama. Mwezi wako wa mwisho hapa Bukavu ulizikataa sherehe zote, ukakaa jikoni na mama yako mkitwanga sombe. Hukuwa umezeeka.

Kwa habari ya mama yako, sina mbinu. Upande wake wa kitanda bado siulalii.

Kuhama, basi, hapana, si sasa. Huko kwenu kuna njia iliyonyooka, lakini hakuna kinyozi anayeijua kofia yangu, na kuanza upya kujulishwa kama «baba yake fulani» ni kazi nisiyotaka kuichagua wakati nimeacha nyingine nyingi. Nitakuja kutembea mwezi wa Julai, wanafunzi wangu wakiisha kufanya mitihani, nikae nanyi majuma matatu. Mkija kunipokea, mjukuu wangu achukue sanduku kubwa; sitamkatalia. Mkoba mdogo nitaubeba mwenyewe.

Ni mimi papa yako,
Bukavu