Mheshimiwa Waziri wa Afya, ripoti hizi anatakiwa azitie sahihi nani?

Mheshimiwa Waziri,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunaandika kwa Kiswahili kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Julai 2022; pengine zilizokwama mezani ni barua za Kiingereza tu.

Mwezi huu imetufikia ripoti ya mtoto wa shule: alama 68 za akili, ana ulemavu wa akili, ahamishwe. Aliyetia sahihi ana cheti cha ushauri nasaha cha miezi 3. Hatumdharau. Washauri nasaha ndio waliokaa na wagonjwa wa UKIMWI tangu TASO, shirika letu la kuwahudumia wenye UKIMWI, ilipoanza 1987. Ila kupima akili ni kazi nyingine. Wastani wa kipimo ni 100, na mpaka wa kuanza kushuku ulemavu uko karibu na 70. Alama huyumba kama 5 juu au chini, kwa hiyo 68 huenda ni 73. Tena alama peke yake haitoshi: sharti ichunguzwe jinsi mtoto anavyojimudu nyumbani, kuvaa, kutumwa dukani, kurudisha chenji kamili. Na mtoto wa Soroti aliyekulia Kiteso, akiulizwa maneno ya Kiingereza kwa kipimo kilichosanifiwa Marekani, kinachopimwa ni Kiingereza chake.

Wanasaikolojia nao si malaika. Yupo mwenye shahada ya kwanza, hajasimamiwa na mtu hata saa moja akiwa na mgonjwa, na bango limeandikwa "tiba". Leseni pekee ukutani ni ya biashara, sawa na ya duka la simu. Anatumia PHQ-9, dodoso la dalili za sonona: maswali 9, alama 0 hadi 27. Kufikisha 10 ni dalili ya kuchunguza zaidi; yeye huishia hapo na kuandika sonona, kumbe mtu ana bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, analijumlisha tu na mengine.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 tunayo. Kenya walitunga ya washauri na wanasaikolojia 2014. Utekelezaji ulisuasua, lakini sheria ipo.

Tunaomba daftari la wazi linalotenganisha mshauri na mwanasaikolojia tiba, kiwango cha masomo cha kila mmoja, na saa za kusimamiwa kabla ya leseni. Kama yote hayo ni mazito, Mheshimiwa, tupe moja tu: waraka unaosema nani atie sahihi ripoti za shule na mahakama. Ukurasa mmoja unatosha.

Ripoti ya yule mtoto bado imo kwenye faili la mwalimu mkuu.